Nusu, Salamu Maria, Mwisho

Kagugu, Kigali
6 Oktoba 2024

Baba mpenzi,

Pikapu imefika salama. Dereva uliyemtuma anasema ameipandisha milima yote ya Nyungwe bila kupumzika, na kwamba gari la umri ule lilimtia aibu, maana yeye mwenyewe alishuka mgongo unamuuma. Majirani walitoka kuiangalia. Mama Pudentienne wa ng'ambo ya ukuta aliigonga bodi kwa kidole akasema, "Hii ni chuma, si makaratasi ya siku hizi." Nilijivuna, sikufichi.

Lakini ina vituko. Jumatatu asubuhi nilitaka kwenda nayo shuleni Batsinda. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikatoa moshi mweupe nyuma, haikuwaka. Nikateremka kwa miguu na tumbo langu. Mchana Mama Pudentienne aliniazima mtoto wake ajaribu, ikawaka mara moja. Jumatano asubuhi, ukungu umetanda, nilihangaika kwanza na mkanda wa kiti ambao siku hizi haupiti vizuri juu ya tumbo, kisha nikajaribu, ikawaka kama haijawahi kukataa. Alhamisi ikanuna tena.

Baba, unajua kwa nini ulinipa gari hili. Mwaka jana tulingoja teksi kwenye mvua, na tulipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshachoka, hakulia. Safari hii daktari ameniambia neno moja: uchungu wa kwanza tu, njoo, usingoje chochote. Mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Desemba. Mume wangu Gasana yuko Nyagatare kwenye ujenzi wa barabara, anarudi Ijumaa tu. Anasema gari linalowaka likitaka ni sawa na kutokuwa na gari.

Najua simu inakupigia kelele tu masikioni, ndiyo maana nakuandikia. Niambie, wewe ulikuwa unaiwashaje?

Binti yako,
Joselyne


Bugarama
11 Oktoba 2024

Joselyne mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza mimi, kwa kuwa wewe barua yako imeanza na pikapu. Mjini mnasalimia magari kwanza?

Nimeisoma mara mbili, nimeshangaa mara mbili. Tangu parokia iliponiuzia gari hilo, na kabla ya hapo nilipokuwa namwendesha marehemu Padiri Gerardi vigangoni, halikunikatalia hata siku moja. Watu wa hapa ni mashahidi. Wanasema, "Gari ya katekista inawaka kwa sala," nami sijawahi kuwabishia, kwa sababu ni kweli. Padiri mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alisema gari hili haliwashwi bila Salamu Maria moja.

Sasa nikuulize kama baba: unasali kabla ya kuwasha? Gasana simuulizi, huyo alilelewa Uganda na Waanglikana, na tena ana haraka kama maji ya bomba lililopasuka. Nakuuliza wewe.

Joto la huku linaendelea kutupika. Kula vizuri. Usibebe ndoo.

Baba yako,
Eustache


Kagugu
27 Oktoba 2024

Baba,

Ndiyo, nasali. Kila asubuhi. Haliwaki.

Nimelipeleka gereji kwa Niyongabo, Mrundi mmoja aliyekulia mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kama wewe, fundi mzuri ila mdomo wake haujui kufunga duka. Alipima betri, ikawa nzima. Alikaza nyaya za stata, akabadilisha filta ya dizeli. Akaingia ndani akiendelea kunisimulia mashemeji zake wa Bujumbura, akashika ufunguo, akamaliza kisa cha shemeji wa pili, akawasha. Likawaka. "Mama, hii gari iko nzima. Haina kitu."

Nikamwambia alilaze kwake, aone asubuhi. Akalilaza. Asubuhi nikafika kwenye baridi ile ya bondeni, kaniketisha pembeni, akaingia, akaanza habari ya bei ya matairi, akawasha. Likawaka! Nililia kwa hasira, naye akadhani nalia kwa furaha.

Jana ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulilima mtaro mpaka karibu saa tano, mimi nikigawa maji tu, kisha tukaliwasha Gasana na mimi kwenda sokoni. Likawaka mara moja. Leo asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha, Gasana kakamata ufunguo na kuupindua kama anavunja kuni, halikuwaka. Nikajaribu mimi, sikufanikiwa. Tumelisukuma kwenye mteremko na vijana wanne wa mtaa, mimi nikiwa nimeshika usukani na moyo wangu.

Gasana amepata mtu Batsinda wa kulinunua kwa vipuri. Anasema tutakodi dereva wa teksi akae tayari. Baba, teksi ya mwaka jana nayo ilikuwa tayari. Nimemwomba asubiri kidogo.

Joselyne


Bugarama
1 Novemba 2024, Watakatifu Wote

Mwanangu,

Barua yako iliniondolea usingizi. Si kwa ajili ya chuma. Kama mtu anasali na gari halisikii, basi mimi nimekuwa nikiwaambia nini watu miaka yote hii? Wiki hii mwanamke mmoja aliniomba nimfundishe ile sala ya kuwashia, mashine ya mumewe ya kusaga inagoma. Nilimwambia arudi Jumapili. Sijui nitamwambia nini.

Nimefikiri labda hukuifanya inavyofanywa. Nakuandikia utaratibu mzima, tangu kiti.

Unakaa. Unafunga mlango, maana Padiri hakupenda kusali mlango ukiwa wazi. Unaingiza ufunguo na kuuzungusha nusu, usifike mwisho. Hapo unauacha. Mkono unabaki juu yake, ndiyo, juu ya ufunguo, maana siku ya kwanza Padiri aliweka mkono wake juu ya wangu hivyo hivyo. Unasali Salamu Maria, si ya kukimbizana, ile ya Jumapili. Ukisema Amina, unamalizia ufunguo. Padiri alikuwa na maneno yake ya Kiswahili cha kizungu: "Eustache. Nusu. Salamu Maria. Mwisho." Nilipokosea alirudia tu hayo hayo, bila kupandisha sauti.

Fanya hivyo kisha uniandikie. Na mwambie Gasana baba mkwe wake anasema gari la sala halikatwi vipuri. Kama ni lazima auze kitu, auze ile haraka yake.

Eustache


Kagugu
10 Novemba 2024

Baba,

Keti kwanza, ndipo usome.

Sisali. Nilikudanganya. Tangu mwaka jana sijaimaliza Salamu Maria hata moja. Njia nzima ya kwenda hospitali, ndani ya ile teksi, niliisali bila kupumzika, na unajua tulirudi na nini. Tangu hapo nikianza, nafika kwenye "mzao wa tumbo lako" na ulimi unaganda. Sina ugomvi na Mama Maria. Maneno ndiyo hayatoki.

Kwa hiyo barua yako ilipofika, nilifanya yote isipokuwa sala. Ilikuwa asubuhi ya baridi, manyunyu, kilima cha Gisozi hakionekani. Nikafunga mlango, nikazungusha nusu, nikauacha, nikahesabu polepole kama ninavyowahesabia watoto wa darasa la kwanza. Nikamalizia. Likawaka, Baba. Likawaka pale pale, moshi kidogo tu. Nilikaa na kulisikiliza.

Nikaenda moja kwa moja kwa Niyongabo. Nikamwambia, "Ukiwa unawasha dizeli, unafanya nini kwanza?" Akasema, "Siko nafanya kitu, Mama. Nazungusha, nawasha." Nikamwambia awashe nimwone. Akazungusha nusu, akaanza kisa cha shemeji. Nikamzuia mkono. "Hapo! Kwa nini umesimama hapo?" Akautazama mkono wake kama si wake. Kisha akaweka kichwa kwenye usukani akacheka mpaka wenzake wakaja. Kila anayeijua dizeli hungoja pale, na yeye alishasahau kuwa anangoja.

Amenieleza. Dizeli haina cheche kama petroli. Inataka hewa ya ndani iwe ya moto ndipo mafuta yawake, na asubuhi ya baridi chuma kiko kama barafu. Kwa hiyo kuna plagi ndogo za kupashia, moja kwa kila silinda ya injini, zinazopata umeme ufunguo ukiwa nusu. Kuna na kitaa kwenye dashibodi cha kukuambia ungoje hadi kizimike. Kitaa chetu balbu iliungua zamani. Plagi zenyewe, kati ya nne, mbili zimekufa, zilizobaki zinavuta taratibu kama wazee wanaopanda ngazi. Joto la Bugarama lilikuwa linakusaidia. Baridi yetu ya huku haisamehi.

Alinionyesha moja iliyo hai. Nje ya gari, ndani ya kibanda chenye giza, aliigusisha na betri. Ni ndogo, Baba, kama msumari wa kupigilia mabati. Kwanza haikuwa na kitu. Halafu ncha ikawa na rangi kama ya kahawia, halafu nyekundu, halafu ikawaka rangi ya chungwa, kimya kabisa. Niyongabo alinyamaza. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akinyamaza. Nami nilikuwa nimeshika tumbo, mtoto akacheza.

Umbali ule, tangu giza hadi rangi ya chungwa, ni Salamu Maria moja. Ya Jumapili. Na Jumatano ile lilipowaka, nilikuwa nimeshazungusha nusu nikihangaika na mkanda.

Padiri Gerardi hakukupa muujiza, Baba. Alikupa saa. Sijui kama nimekuvunjia kitu kwa kukuandikia hivi. Sikutaka ujue kwa mtu mwingine.

Plagi mpya za gari hili hazipatikani Kigali kwa sasa, zimeagizwa. Hadi zije, tunangoja nusu.

Joselyne


Bugarama
14 Novemba 2024

Mwanangu Joselyne,

Nilikaa kama ulivyoniambia. Kisha nikasimama, nikaenda kanisani peke yangu, nikacheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani kuona katekista amepatwa na nini.

Sikuvunjika. Sikiliza ambalo hulijui. Nilipoanza kumwendesha Padiri nilikuwa na haraka kuliko Gasana. Nilikuwa naupindua ufunguo mara moja, nimeshachoma stata mbili za misheni. Padiri aliniambia nihesabu, nikahesabu nusu nusu. Aliniambia nitazame kitaa, nikatazama wasichana wa kwaya. Ndipo akanipa Salamu Maria. Alikuwa amenichunguza, mzee yule. Alijua kijana anaweza kukatiza hesabu, lakini katekista hawezi kukatiza Salamu Maria. Nami nikasahau kitaa, nikasahau hesabu, ikabaki sala.

Basi nifikirie mimi, nimekaa juu ya kiti kile asubuhi zote hizo, nikidhani nasukuma gari kwa imani, kumbe chini ya miguu yangu misumari minne inakuwa myekundu gizani, kimya, kwa mwendo wa maneno yangu. Sikuwahi kuiona. Unasema si muujiza. Sawa. Lakini nywele zimenisimama, na mimi si mtu wa kusimama nywele ovyo. Yule mwanamke wa mashine nimemwambia: sali, kisha mwite fundi, na usiache hata kimoja.

Sasa lile lingine. Kuhusu uongo wako, mtu aliyeumia akimficha baba yake kidonda, baba hakasiriki, anatafuta dawa. Sina dawa. Nina wazo tu.

Unajua rozari inavyosaliwa. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Mwanzishaji anaishia pale pale ulipokwama wewe, kisha wengine wanaendelea, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Maisha yangu yote mimi ni mwanzishaji. Sasa tubadilishane. Kila asubuhi, hata Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, zungusha nusu na uanze. Anza tu. Ukifika kwenye lile neno usilipiganie, nyamaza. Nami huku Bugarama saa hiyo hiyo nitakuwa nimesimama uani, nitapokea sehemu iliyobaki mpaka Amina. Wewe ngoja urefu wa sehemu yangu, kisha malizia ufunguo. Plagi zitapata moto wake, na sala itakuwa imeisha, hata kama imeishia kwa mtu mwingine.

Eustache, mpokeaji wako


Kagugu
24 Novemba 2024

Baba,

Wiki nzima limewaka. Nafika pale, nanyamaza, nakusikiliza. Najua kuna milima na msitu kati yetu na sisikii kitu. Lakini nasikiliza.

Jumatatu nilimpeleka Gasana stendi ya Nyabugogo. Aliona nimeacha ufunguo katikati na midomo imesimama. Akauliza, "Sasa tunangoja nani?" Nikamwambia, "Baba." Akanitazama, kisha akatazama saa yake. Habari ya kuuza gari hajaigusa tena, ila bado anasema siku yenyewe ikifika tusitegemee mashairi.

Plagi bado hazijafika.

Joselyne


Kagugu
15 Desemba 2024

Tumsifu Yesu Kristo, Baba.

Una mjukuu wa kike. Analia mpaka Mama Pudentienne anagonga ukuta kwa furaha. Jana tulimpa jina, Shimwa, Gasana ndiye aliyelitoa, na wazee wote wakaitikia. Nilitaka uwepo, lakini najua malaria ilivyokushika, binamu alitupigia.

Nikusimulie.

Uchungu ulinianza Jumamosi ya wiki iliyotangulia, kulipokuwa kunapambazuka. Mvua ilikuwa inapiga bati kama mwaka jana, mvua ile ile, Baba. Bahati Gasana alikuwa amerudi jana yake. Yule dereva wa teksi aliyekodiwa akae tayari, simu yake ilikuwa imezimwa. Gasana alinibeba hadi kwenye pikapu, akakaa kwenye usukani, maji yakimtiririka usoni. Aliingiza ufunguo. Nikaona mkono wake umekaza kuupindua kama siku zote, nikajua akifanya hivyo tumekwisha, betri ingezunguka bure na injini ingenuna.

Aliusimamisha nusu.

Aliuacha mkono pale. Akasema, "Anza."

Nikaanza. Haikuwa saa yetu. Nilijua uko mgonjwa, umelala, huko uani hakuna mtu. Nikafika pale. Na uchungu ukanibana wakati huo huo, Baba, nikashindwa kunyamaza, sikuwa na nguvu za kunyamaza, neno likatoka lenyewe kwa kilio, "mzao wa tumbo lako," nikalisema lote hadi mwisho. Kisha kukawa kimya, mvua tu. Nikawaza, sasa nani atapokea?

Gasana akapokea. Alikaza macho kwenye kioo kilichojaa maji, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kampala, "Maria Mutakatifu, Mama ya Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Hakukimbiza hata neno moja. Gasana, ambaye hata mezani anaombea chakula akiwa ameshatafuna. Akasema Amina, akamalizia ufunguo.

Likawaka.

Tulifika, na daktari akasema tumefika kwa wakati. Baadaye nikamuuliza Gasana alijifunza wapi. Akaona haya. "Wewe kila Jumatatu ulikuwa unanyamaza hapo, mimi niko naangalia tu. Nikaenda kuuliza Mama Pudentienne, Mzee huko anasemaga nini. Nikasema, siku Mzee akikosa, nani atajaza?"

Niyongabo ameweka plagi mpya zote nne na balbu ya kitaa. Kitaa kinawaka, na kabla hujavuta pumzi kimezimika. Anasema sasa hakuna haja ya kungoja.

Tunangoja, Baba.

Binti yako,
Joselyne


Bugarama
19 Desemba 2024

Joselyne mwanangu, na Gasana mwanangu,

Milele, amina.

Jumamosi ile nilikuwa nimelala, ni kweli. Homa ilinizamisha. Nilipoamka jua lilikuwa limefika dirishani, na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba nimekosa saa yetu. Nilijiburuta hadi uani na shuka mabegani, nikasema sehemu yangu kwa kuchelewa, nikaona aibu. Sikujua kuwa ilikuwa imeshasemwa.

Gasana, Mungu akulipe. Na "Mama ya Mungu" yako tumeikubali huku, hatutakurudishia.

Mbusuni Shimwa kwa niaba yangu. Nikipata nguvu nitapanda basi nije nimwone, na nitaomba niketi kwenye kiti cha pembeni, ufunguo ukiwa nusu, nione mnavyofanya.

Jana nimerudi kanisani. Kulikuwa na rozari ya jioni. Nilisimama mbele kama nilivyosimama miaka yote, nikainua mkono kuanzisha, nikasikia mdomo wangu unasema "Maria Mtakatifu." Watu wakaangaliana. Bibi mmoja akakohoa. Nikajaribu tena, yakatoka maneno yale yale. Basi nikanyamaza, wakaelewa, wakaanzisha wao, nami nikapokea.

Babu yake Shimwa,
Eustache